Daftari lililomtetea mchungaji: kisa cha mamlaka isiyoulizwa kanisani

Kisa hiki kilitokea katika kanisa moja la Kipentekoste kwenye mji wa wilaya, Tanzania Bara. Nilikuwa mmoja wa watu watatu waliotumwa na jimbo la dhehebu hilo kwenda kusuluhisha. Majina, mkoa, dhehebu na viwango vya fedha nimeviondoa, na wahusika wakuu wameridhia kisa kitumike kuwafundishia wazee wa kanisa na wachungaji. Sehemu ya mwanzo nimeieleza kwa urefu makusudi, kwa sababu wengi wanaosimulia migogoro ya kanisa huanzia siku ya kufuli na polisi, wakati mambo yalikuwa yameharibika muda mrefu kabla ya siku hiyo.

## Usuli

Kanisa lilianzishwa na mchungaji na mkewe. Walianza na familia chache kwenye darasa la shule ya msingi, wakiazima chumba kila Jumapili na kupanga madawati upya kabla ya kuondoka. Baadaye walihamia kwenye turubai, kisha kwenye ukumbi wa kupanga. Mama Mchungaji aliuza cherehani yake ili spika za kwanza zinunuliwe. Mchungaji amelala hospitalini na wagonjwa wasio na ndugu, na amesafiri kwa nauli yake kwenda kuzika watu ambao hata koo zao zilikuwa zimewasahau. Asiyeyajua haya atamhukumu vibaya. Tena ni haya haya yaliyowafanya watu wanyamaze kwa miaka.

Mgogoro ulipoanza, waumini walikuwa kama 200. Katiba ya dhehebu inasema wazee wa kanisa wachaguliwe na mkutano wa waumini, akaunti ya benki iwe na watia saini watatu, na ardhi ya kanisa iandikwe kwa jina la Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Hapa wazee wote 7 walikuwa wameteuliwa na mchungaji, mmoja baada ya mwingine, kadiri alivyoona moyo wa mtu. Katiba ilikuwa kabatini. Michango ya ujenzi ilitumwa kwenye simu ya mchungaji mwenyewe, maana ndiyo namba ambayo kila mtu aliijua kichwani.

Mhazina alikuwa mama wa makamo aliyewahi kufanya kazi ya uhasibu kwenye SACCOS. Kwa kweli hakuwa na mamlaka juu ya fedha yoyote. Kazi yake ilikuwa kuhesabu sadaka ya Jumapili na kumkabidhi mchungaji. Ila alikuwa na daftari, na kila alichokiona kikiingia au kutoka alikiandika: tarehe, jina la mtoaji, kitu chenyewe.

## Yaliyotokea

Kampeni ya ujenzi ilianza Januari. Watu waliahidi mifuko ya saruji, nondo, bati na fedha taslimu. Kiwanja kilipatikana haraka, kwani muuzaji alikuwa na shida na alitaka fedha wiki hiyo hiyo. Mchungaji alikwenda na mzee mmoja kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mkataba wa mauziano ukaandikwa kwa jina la mchungaji. Jumapili akatangaza kwamba Bwana ametoa kiwanja. Watu walishangilia, na hakuna aliyeuliza karatasi imeandikwaje.

Mwezi Agosti kuta zilikuwa zimefika usawa wa linta. Ndipo mhazina alipozungumza kwenye kikao cha wazee. Waliokuwepo walitusimulia maneno yake kwa namna inayokaribiana sana: "Baba Mchungaji, naomba risiti za saruji na nondo nizibandike kwenye daftari, na nakala ya karatasi ya kiwanja niiweke kwenye faili. Watu wakiniuliza nijue la kuwajibu." Mchungaji alisema atamletea. Mwezi uliofuata mama akakumbusha. Alipokumbusha tena, mchungaji alimwuliza mbele ya wote, "Mama, wewe ni mhazina au mpelelezi?" Wazee wakacheka.

Jumapili iliyofuata mahubiri yalitoka Hesabu 16: Kora, Dathani na Abiramu waliomwasi Musa, na nchi iliyofunua kinywa chake ikawameza. Hakuna jina lililotajwa. Watu waligeuza shingo wakamtazama mhazina.

Oktoba mama huyo aliandika barua jimboni. Tuliisoma. Ni ukurasa mmoja wenye adabu tupu, hauna shutuma hata moja, unaomba mwongozo kuhusu utunzaji wa risiti na umiliki wa kiwanja. Jimbo halikujibu.

Pasaka ikafika. Alhamisi Kuu palikuwa na ibada ya kutawadha miguu. Mchungaji alijifunga taulo, akapiga magoti na beseni, akawatawadha wazee na viongozi wa idara, mhazina akiwa mmoja wao. Mama alilia sana. Alituambia alidhani yamekwisha. Mchungaji naye tulipomwuliza alisema alitawadha kwa moyo wake wote, na mimi namwamini.

Wiki mbili baadaye mtu fulani alimnong'oneza mchungaji kuhusu ile barua ya jimboni. Jumapili hiyo alitangaza madhabahuni kwamba mhazina amepumzishwa huduma kwa ajili ya roho ya uasi, kwamba amemgusa mpakwa mafuta wa Bwana, na kwamba waumini wasiambatane naye mpaka atakapotubu. Mama alikuwa amekaa safu ya tatu na wajukuu wake.

Mwalimu wa kwaya alihoji kwenye kundi la WhatsApp, na jioni ile ile kundi likafungwa, wakabaki wasimamizi tu kuandika. Familia zilianza kuondoka kimya kimya. Kufikia Juni karibu theluthi haikuonekana tena, fungu la kumi likashuka, na ujenzi ukasimama pale pale kwenye linta. Wazee wawili, ambao siku ya lile swali la mpelelezi walicheka na wenzao, sasa wakageuka wapinzani. Jumamosi moja usiku walibadilisha kufuli la ukumbi. Asubuhi watoto wa shule ya Jumapili walikuta mlango umefungwa. Watu wazima walisimama makundi mawili wakirushiana maneno, na mtendaji wa kata alifika na mgambo kuwatenganisha. Jimbo, lililokuwa limekalia barua ya mama mmoja tangu Oktoba, lilitutuma ndani ya wiki moja baada ya kupigiwa simu na mtendaji.

## Maamuzi na sababu zake

Tulikuwa wachungaji wawili kutoka nje ya mkoa na mama mmoja, hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Yeye ndiye aliyetupa uamuzi wa kwanza, ambao nauona ulibeba mengine yote. Alisema tuanze na mhazina, tumsikilize nyumbani kwake kabla ya kuonana na mchungaji, kwa sababu tukianzia kwa mchungaji tutakula chakula chake, tutaombewa naye, na tutakapofika kwa yule mama tutakuwa tumekwisha kuamua bila kujua.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutenganisha swali la fedha na swali la uongozi. Mtaani ilikuwa imekwisha kuenea kwamba mchungaji amekula michango. Upande wake nao ulisema ikithibitika hakula, basi walioondoka warudi kuomba radhi. Pande zote mbili zilikubaliana bila kujua kwamba kosa pekee ambalo kiongozi wa kanisa anaweza kulifanya na kuulizwa ni wizi. Tulikataa msingi huo tangu mwanzo, tukaandika maswali mawili kwenye karatasi mbili.

La fedha tulilifanya kwa daftari la mhazina, miamala ya simu ya mchungaji, ambayo aliitoa kwa shingo upande, na vitabu vya wenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kazi ilichukua siku kadhaa. Ikaonekana kwamba michango iliingia kwenye jengo. Kilichokosa maelezo kilikuwa kidogo, na sehemu kubwa yake ilikuwa vibarua waliolipwa mkononi. Halafu likajitokeza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Daftari lilikuwa na mistari kadhaa iliyosomeka "Mchungaji, fedha yake mwenyewe": tripu ya mchanga, posho ya fundi, bei ya mlango. Mwenyewe alikuwa amesahau. Mhazina hakusahau, na aliendelea kuyaandika hayo hata baada ya mahubiri ya Kora.

Hakimu mstaafu alimsomea mchungaji mistari ile mmoja mmoja. Siku zote zilizotangulia alikuwa akitujibu kwa habari za Daudi aliyekataa kumwua Sauli. Sasa alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo huyu mama alikuwa ananiandikia mema."

Swali la uongozi lilikuwa gumu zaidi, na ufunguo wake aliushika Mama Mchungaji. Tulipoeleza kwamba kiwanja lazima kihamishiwe kwa Wadhamini, yeye ndiye aliyekataa. Tulimwomba aseme sababu. Akasema, "Wachungaji, shikamooni. Mimi sina cherehani, sina nyumba, sina shamba. Baba akifa kesho kanisa litaleta mchungaji mwingine, na hiyo ni sawa. Mimi nitakwenda wapi?" Hakuna mzee wa kanisa aliyekuwa amewahi kuliuliza swali hilo.

Kwa hiyo tuliamua mambo haya. Kiwanja kihamishwe. Fedha zipite benki, na mchungaji asiwe mtia saini. Kanisa limsajili mchungaji NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kumchangia kila mwezi kama mwajiri yeyote, asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, kanisa likitoa angalau nusu yake. Wazee wajiuzulu wote, wachaguliwe wapya na waumini, na familia zilizoondoka zialikwe kupiga kura. Mchungaji apumzike miezi mitatu kwa mshahara kamili, akikaa karibu na mchungaji mzee wa jimbo jirani. Na kwa kuwa mhazina alivuliwa heshima madhabahuni, heshima hiyo irudishwe madhabahuni, na aliyeiondoa ndiye airudishe. Mchungaji aliomba sana jambo hili lifanyike ofisini, mbele ya wazee tu. Tulikataa, kwa sababu watu 200 walioambiwa wasiambatane na mama huyu hawangeingia wote ofisini kusikia kwamba ilikuwa makosa. Wale wazee wawili wa kufuli nao walitakiwa kuomba radhi siku hiyo hiyo mbele ya watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao.

## Matokeo

Mchungaji alisimama akasema. Hakuzunguka. Alisema mama aliuliza swali la haki, yeye akalijibu kwa Biblia iliyogeuzwa kuwa fimbo, na akamwomba msamaha kwa jina lake kamili. Mmoja wa wazee wa kufuli aliomba radhi. Wa pili alikataa, akaondoka, na sasa ana ushirika wake kata ya jirani, ambako yeye ndiye mwanzilishi, mwenyekiti na mtunza fedha.

Uhamisho wa kiwanja ulichelewa kuliko tulivyowaahidi watu, kwa sababu upimaji ulikuwa haujafanyika na hakuna aliyekuwa ametenga fedha za ada na kodi zake. Karibu nusu ya familia zilizoondoka zilirudi. Mchungaji alirejea baada ya mapumziko na bado yupo. Paa limepigwa. Mhazina anaabudu pale pale, safu ya tatu, lakini alipoombwa kurudi kwenye huduma yake alikataa kwa upole, na waliporudia kumwomba alisema amesamehe na amechoka.

## Uchambuzi

Nianze na deni la mwanzilishi, kwa kuwa naliona katika makanisa mengi. Waumini walikuwa na deni la shukrani kwa mchungaji, na ilikuwa haki. Lakini shukrani hiyo iligeuka kinga pole pole, pasipo mtu kuipigia kura. Kila aliyetaka kuuliza alijibiwa moyoni mwake kwamba huyu ndiye aliyenizikia baba. Wakorintho walikuwa na deni kubwa zaidi kwa Paulo. Yeye ndiye aliyelianzisha lile kanisa, na anawakumbusha hivyo. Ilipofika habari ya changizo kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakutumia deni hilo kudai kuaminiwa. Katika 2 Wakorintho 8 anamtuma Tito na ndugu wengine wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe asafiri pamoja na fedha, na anatoa sababu: anatunza yaliyo mema mbele za Bwana, na mbele ya wanadamu pia. Mtume aliyemwona Kristo njiani kwenda Dameski alijiwekea mashahidi. Sioni mchungaji gani anaweza kusema yeye amepita hapo.

Mahubiri ya Kora yanahitaji kusemwa peke yake. Ni mahubiri yanayopendwa sana wakati wa migogoro, na husomwa nusu. Katika sura hiyo hiyo, mstari wa 15, Musa anapowakasirikia waasi anamwambia Mungu kwamba hakutwaa punda hata mmoja wao. Anajitetea kwa hesabu. Samweli alipong'atuka alifanya zaidi, katika 1 Samweli 12: alisimama mbele ya Israeli yote akawataka washuhudie ametwaa ng'ombe wa nani, punda wa nani, amemwonea nani. Na Kutoka 38 ina taarifa ya vifaa vya maskani iliyotolewa kwa amri ya Musa mwenyewe na kusimamiwa na Ithamari mwana wa Haruni: dhahabu talanta 29 na shekeli 730, fedha talanta 100 na shekeli 1,775, na shaba, na kila kilipotumika. Hayo ni maandiko ya ujenzi, na kanisa letu lilikuwa katika ujenzi. Mhazina aliomba sura ya 38 ya Kutoka. Akajibiwa kwa sura ya 16 ya Hesabu.

Vivyo hivyo "msiwaguse masihi wangu", yaani wapakwa mafuta wangu. Zaburi 105 inawataja waliohusika: Ibrahimu, Isaka na Yakobo, walipokuwa wachache na wageni katika nchi, na walioambiwa wasiwaguse walikuwa wafalme. Neno lile liliwakinga wanyonge dhidi ya wenye nguvu. Kulitumia dhidi ya mama mwenye daftari ni kulielekeza upande ambao halikuwa limeelekea.

Kuhusu kutawadha miguu, mchungaji hakuigiza. Tatizo ni kwamba ibada ile ilimpa yeye na wengine hakika kwamba kanisa lao lina utumishi, wakati swali la Agosti lilikuwa bado halijajibiwa. Katika Yohana 13 Petro anakataa kutawadhwa, anasema hapana usoni mwa Bwana, na Bwana hamnyamazishi, anamjibu. Mazungumzo hayo ni sehemu ya kutawadha kwenyewe. Kanisani kwetu miguu ilioshwa, na mdomo ukabaki umefungwa.

Wazee ndio ninaowalaumu zaidi kuliko mchungaji, hata wale ambao hawakugusa kufuli. Kiongozi anayeteua wote wanaomshauri atazungukwa na watu wenye deni kwake, na katika hilo mfumo ulikuwa mbovu. Lakini watu 7 walisikia mama akiitwa mpelelezi, na 7 walicheka. Angekuwepo hata mmoja wa kusema, "Baba Mchungaji, hizo risiti tumletee mama kesho, ni jambo dogo," ninaamini tusingetumwa. Kubadilisha kufuli miezi kadhaa baadaye hakukuwa ujasiri. Walikuwa na lalamiko la haki wakalishika kwa mkono ule ule wa kutawala ambao Marko 10:42 inausema juu ya wakuu wa mataifa, na walioumia walikuwa watoto.

Uchaguzi mpya ulifaulu kwa sababu ulifuata Matendo 6 kwa karibu kuliko inavyozoeleka. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume waliwaambia waumini wachague wenyewe, na majina ya wale saba, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Inaelekea waliolalamika walikabidhiwa huduma yenyewe ya meza. Tulipowaalika walioondoka wapige kura, wawili kati yao wakachaguliwa kuwa wazee. Waliobaki walinung'unika mwezi mmoja, kisha vikao vikaanza kuwa na maswali.

Kilichofanya kazi kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni NSSF. Wengine katika jimbo waliona ni jambo la kimwili mno kuliweka kwenye taarifa ya upatanisho. Lakini mchungaji alishikilia kiwanja kwa sababu ya hofu ya uzee ambayo alishindwa kuikiri, kwa kuwa angeonekana hana imani. 1 Petro 5 inamkataza mzee asijifanye bwana juu ya kundi wala asitamani fedha ya aibu. 1 Timotheo 5 inalitaka kundi lisimfunge kinywa ng'ombe apurapo nafaka. Kanisa hili lilimkumbusha mchungaji andiko la kwanza huku likilisahau la pili kwa miaka yote. Mwezi uliofuata kusajiliwa kwake, Mama Mchungaji mwenyewe ndiye aliyeanza kufuatilia karatasi za uhamisho wa kiwanja kwenye ofisi za ardhi.

Lililoshindikana kabisa ni jimbo. Fomu za taarifa ya mwaka za kanisa hili zilikuwa zikiletwa zikiwa tupu kwenye kipengele cha mali, na zilipokelewa na kugongwa muhuri. Barua ya Oktoba ilikuwa kwenye faili, haijaandikwa hata neno pembeni. Kwa mkristo wa kawaida, jimbo ndilo mahali pekee pa kupeleka swali lililokataliwa nyumbani, na mama yule alipofika mlangoni hapo hakuitikiwa. Pendekezo letu kwamba barua za waumini zijibiwe ndani ya siku 30 na watu wawili, mmoja wao akiwa si mchungaji, lilipitishwa kwenye kikao cha jimbo. Lile la kuwaandikia wahazina wote wa jimbo kuwaeleza kwamba njia hiyo ipo bado linangoja kikao kijacho.